Bastola Niliyonunua kwa Jaduong' Otaro

Kila wiki kuna kijana ananivuta kando pale soko la Migori na kuninong'oneza kana kwamba anatafuta dawa ya aibu: "Mzee, leseni yangu ya silaha inakaribia kutoka. Nataka revolva. Ipi itadumu, na isinimalize mfukoni?"

Nimechoka kujibu nikiwa nimesimama juani. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Shule niliachia darasa la sita, kwa hivyo mkikuta sentensi imepinda inyoosheni wenyewe. Na wewe ambaye huna leseni, unayetafuta ile inayofungwa kwenye gazeti huko mpakani, ishia hapa. Sina la kukufundisha.

Mimi nilikuwa mnunuzi wa dhahabu. Nilizunguka mashimo ya Nyatike na Macalder na mizani yangu, nikinunua kwa wachimbaji punje kwa punje, na ikifika ya kutosha tunaipeleka Homa Bay kwa tajiri aliyekuwa akiipokea. Nasema tunaipeleka kwa sababu tulikuwa wawili: mimi na Mwita, Mkuria wa Ntimaru, ndiye aliyeendesha gari. Kazi hiyo niliiacha kabla ya umri wa kuiacha. Niko na jicho moja, la kulia. La kushoto lilibaki upande wa Rodi Kopany. Waliohusika nitawataja, kwa sababu wako hai, wanakula samaki kama mimi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia pole yenye maana.

Tuanze na kung'aa, maana ndipo vijana wengi mnapopotelea.

Mwita alikuwa na baba mdogo, Sajini Marwa, aliyefanya kazi ya kutunza silaha za polisi mpaka akastaafu. Karibu yote ninayojua kuhusu hicho chuma nilifunzwa naye, na alinifunza nikiwa nimeshachelewa. Siku ya kwanza aliniambia hivi: "Ukiona bastola ya zamani inang'aa kama sufuria ya harusi, muulize mwenyewe anaficha nini. Ukitaka kung'aa, nenda ununue sufuria."

Chuma cha bastola iliyotumika kinatakiwa kionyeshe kwamba kimetumika. Mahali panapogusana na ala ya ngozi pawe pamechubuka. Kona ziwe bado kali na maandishi yake yasomeke vizuri. Ukiona kona zimekuwa laini kama sabuni iliyoogewa na watu, na maandishi yamefifia, ujue kuna mtu ameisugua na kuipaka upya. Ile rangi ya fedha ya kupakwa ni kama poda usoni. Chini yake kunaweza kuwa na uso, kunaweza kuwa na kidonda. Kama pesa zako ni chache, chukua ile ya chuma cha pua kisichopakwa kitu, yenye mpini wa mpira, sura mbaya, hakuna wa kuisifu. Sura mbaya haipandishi bei.

Jaduong' Otaro alikuwa na ya kung'aa. Jaduong' kwetu ni mzee wa kuheshimiwa, na huyu aliheshimiwa kweli, alikuwa akikaa benchi la mbele kanisani. Alinunua dhahabu Rodi Kopany kabla yetu sote. Alipotangaza anaacha kazi na kuuza kila kitu, mimi na Mwita tulikwenda kwake mara moja. Wakati huo wanunuzi wawili walikuwa wamevamiwa njiani na mimi nilikuwa silali. Leseni nilikuwa nayo mkononi. Kilichobaki ni chuma chenyewe, na chuma kipya kilinishinda bei.

Otaro aliileta juu ya kitambaa cheupe kama mtu anayeleta mkate wa sakramenti.

"Omera, angalia," akaniambia, yaani ndugu. "Si unajiona?"

Kweli nilijiona. Niliona mpaka pengo langu.

Mwita alikuwa amesimama mlangoni, hakupenda kuketi kwenye viti vya watu. Akauliza, "Jaduong', kama ni nzuri hivyo, mbona unaiuza?"

"Kwa sababu nimezeeka, kijana ya Kuria. Ama ulitaka nizikwe nayo?"

Tukacheka. Mke wake akaleta chai na viazi vitamu. Kwa heshima ya nyumba ile sikuishika ile bastola hata dakika nzima. Ungeanzaje kumfinyia mzee kitu chake, kukitikisa, kukimulika tochi, mbele ya mke wake, na chai yake iko tumboni mwako? Huko ndiko kosa letu lilipo, sisi watu wa huku. Ng'ombe tunamfungua mdomo tukahesabu meno mbele ya mwenyewe, na hakuna anayekasirika. Lakini mzee akikuletea kitu juu ya kitambaa, unasema ahsante.

Bastola ikapelekwa duka la silaha Nairobi ili karatasi zibadilishwe jina, kama sheria inavyotaka. Pale dukani kulikuwa na karani anaitwa Sylvester. Alilinganisha namba ya kwenye chuma na namba ya kwenye karatasi, akapiga mhuri. Nilimwuliza, "Na ndani iko sawa?" Akanijibu bila kuinua kichwa, "Mzee, mimi naangalia namba." Sylvester, nakutaja. Ungeifungua silinda tu, hata kwa udadisi.

Sasa sikilizeni namna inavyoangaliwa, na muiangalie hata kama mwenye nayo ni baba mkwe wako.

Revolva ni bastola ile ya silinda inayozunguka, risasi zikiwa zimekaa kwenye matundu yake. Kitu cha kwanza, fungua silinda uangalie kila tundu, halafu utie ncha ya kidole ndani ya kila moja. Macho hudanganya, hasa ukiwa na furaha ya kununua. Ukishahakikisha ni tupu, elekeza mdomo wake ukutani kusiko na mtu, na usiuondoe hapo mpaka umalize.

Vuta nyundo nyuma kwa kidole gumba polepole, polepole kabisa kama mtu anayefungua mlango wa chumba alicholala mgonjwa. Silinda itazunguka. Kabla nyundo haijafika mwisho, silinda iwe imeshakaa mahali pake na kujifunga, kak. Ikichelewa, ukalazimika kuisukuma kwa kidole, irudishe kwa mwenyewe. Rudia kwa kila tundu, maana moja linaweza kuwa zima na la jirani likawa bovu. Nyundo ikiwa imevutwa, isukume kwa gumba kutoka nyuma. Ikianguka yenyewe, toka hapo haraka.

Halafu ishike silinda utikise. Kucheza kidogo kushoto na kulia si neno. Ikicheza mbele na nyuma, imechoka. Tazama nafasi kati ya silinda na mtutu kwenye mwanga: iwe nyembamba kama karatasi, na iwe sawasawa pande zote. Fungua silinda, tia ukucha wako nyuma ya mtutu urudishe mwanga wa tochi, uangalie ndani. Mistari iliyochongwa humo iwe inaonekana safi. Ukiona vishimo kama uso uliougua ndui, achana nayo.

Na skrubu. Jamani, skrubu! Sajini Marwa alikuwa akianza na skrubu kabla ya kitu kingine chochote. Vichwa vyake vikiwa vimetafunwa, ujue kuna mtu aliifungua kwa bisibisi ya redio. Jiulize alikuwa akitafuta nini huko ndani.

Ya Otaro ilikuwa na skrubu zilizotafunwa. Niliziona siku nyingi baadaye, nikadhani ni uzee.

Kuna jambo jingine nililoliona siku ile ya chai. Sefu yake ilikuwa wazi nyuma yake. Bawaba zilikuwa nyekundu kwa kutu na rangi ya mlango imevimba kama ngozi iliyomwagikiwa maji moto. Nikadhani ni unyevu wa ziwa. Sasa nawaambia nyinyi wa dhahabu, maana mtu wa kazi nyingine hawezi kufanya upuuzi huu. Leseni inakutaka uwe na sefu. Sefu ni ghali, kwa hivyo mnunuzi ana moja tu, na humo anatia kila kitu: dhahabu, pesa, zebaki, na ile chupa ya asidi ya kupimia kama dhahabu ni dhahabu. Anaifungia asidi humo ili watoto wasiifikie, na anajiona mtu mwangalifu sana. Halafu anaweka na bastola.

Asidi inapumua. Hata ukifunga kizibo mpaka mkono uume, inapumua. Mvuke wake unakaa ndani ya sefu usiku na mchana, hauna pa kwenda, unakula chuma. Unaanza na vile vidogo vya ndani ambavyo hakuna anayevipaka mafuta: springi, na kile kijino kinachosukuma silinda izunguke. Otaro alikaa na bastola yake hivyo miaka mingi. Ilipoanza kukwama akaita fundi wa majenereta, wakaifungua, wakaona hali ya ndani, wakaifunga. Halafu akaipaka rangi ya fedha kwa nje. Fundi mwenyewe alikuja kunieleza haya kwa mdomo wake, baada ya mambo kuharibika.

Sitaki kuandika kuhusu ile siku, lakini nisipoandika mtadhani nawasimulia habari za skrubu tu.

Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda, akina mama wamo mashambani. Tulikuwa na mzigo mkubwa kuliko kawaida na nilikuwa na woga tangu nyumbani. Nilikuwa nimeivaa bastola kiunoni, chini ya koti, na nilikuwa nikiigusa kila mara kama mtu mwenye jino linalouma. Mwita akanicheka.

"Wacha kuipapasa, itazaa."

Tulipokaribia Rodi Kopany lami ilikuwa imefungwa kwa matengenezo, tukakata kushoto kwenye barabara ya murram kati ya mahindi. Mbele yetu pikipiki ilikuwa imelala na mtu amelala kando yake, mguu mmoja chini ya tairi.

"Pita," nikamwambia Mwita.

"Nipite wapi? Amelala katikati."

"Rudi nyuma basi."

"Omollo, huyo ni mtu ameumia."

Akasimamisha gari. Yule aliyelala akainuka. Akajipangusa vumbi la suruali kwanza, polepole, kama mtu anayekwenda kanisani. Wengine wawili wakatoka kwenye mahindi na mapanga. Yule wa pikipiki nilikuja kumjua baadaye kwa jina la Ondiek. Alikuja dirishani kwangu akaongea kwa adabu.

"Mzee, habari ya safari. Toa ile ya Homa Bay."

Alijua tunakokwenda. Aliyemwambia ni Okech, aliyekuwa akituuzia gesi ya kuchomea dhahabu pale Migori na alijua siku zetu zote. Okech, nakutaja na wewe. Bado anauza gesi, mahali palepale.

Nataka mnielewe hapa. Mimi nilikuwa tayari kutoa dhahabu. Mkono wangu ulikuwa unakwenda kwenye mfuko. Dhahabu hutoka ardhini, na ardhi haijaisha. Lakini Mwita alikuwa ameshafungua mlango wake. Akaniangalia mara moja, akasema, "Toa, Omollo!" na hakuwa akisema dhahabu. Akamwendea yule wa panga mikono mitupu. Mtu mwenye akili timamu haendi mbele ya panga mikono mitupu. Mwita alikwenda kwa sababu alijua nyuma yake kuna bastola.

Nikaitoa. Nikavuta traiga. Kidole changu kilikwenda nusu ya njia, kikasimama. Nyundo ilikuwa imeinuka kidogo tu na silinda haikusogea. Nikavuta kwa vidole viwili. Nikavuta mpaka nikasikia mfupa. Nikaona panga likipanda, likashuka, na Mwita akageuza kichwa kuniangalia. Hakumwangalia yule wa panga, aliniangalia mimi.

Ondiek aliichukua bastola mkononi mwangu kama unavyomnyang'anya mtoto kijiko. Akaigeuzageuza, akaipenda. Kung'aa kule! Akaniwekea chini ya jicho la kushoto. Chuma kilikuwa na joto la mwili wangu mwenyewe. Akavuta. Nikasikia springi ikilia ndani, kri, kama bawaba ya mlango wa zamani. Akavuta tena. Mimi nilikuwa nimeshajikojolea, naandika hivyo ili mtu asifikirie kwamba kuna ushujaa hapa.

"Mzee," akasema, akicheka, "hata bunduki yako imechoka na wewe."

Ndipo akanipiga nayo usoni, mara nyingi, mpaka jicho likaenda. Wakachukua mzigo, wakaitupa bastola kwenye mahindi, wakaondoka.

Mwenye pikapu ya mahindi alitubeba. Mwita alikuwa ameweka kichwa chake kwenye mapaja yangu, na damu yake na yangu hatukujua ipi ni ya nani. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha Ntimaru, pole pole, "Mbona hukupiga?"

"Imekataa, ndugu yangu. Imekataa."

Aliniangalia kama unavyomwangalia mtu anayekudanganya. Alikufa kabla hatujaona paa za Homa Bay, na alikufa hajaniamini. Hiyo ndiyo inayonila. Jicho nimeshalizoea.

Polisi waliokota ile bastola na mtaalamu wao akaifungua. Sajini Marwa alikuwa bado anajuana na watu wa kule, wakamweleza kilichoonekana: kile kijino cha kuzungusha silinda kimeliwa kikabaki kama mwiba wa samaki, na springi imejaa unga mwekundu. Ni yeye aliyekwenda kumwambia mama yake Mwita kwamba sikuwa nimeogopa kupiga. Kisha akaanza kuja kwangu jioni, na bisibisi yake na tochi yake, akinifunza. "Ungekuja kwangu kabla," alikuwa akisema kila akimaliza. Sijui kama alikuwa akinifariji au akinichapa.

Kesi ya wale waliotoka kwenye mahindi ilikosa mashahidi, ikafa. Otaro hakuwahi hata kuitwa.

Lakini alikuja kuniona hospitalini. Alileta maziwa kwenye mtungi mdogo, akaketi, akaomba kwanza. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakasema amina. Nilipoona amemaliza nikamwuliza.

"Jaduong', ulijua?"

"Kujua nini?"

"Ndani yake."

Akapangusa kofia yake. Halafu akasema neno ambalo nimekaa nalo mpaka leo.

"Omera, yule mtu alikuwekea usoni akavuta mara mbili. Ingekuwa nzima, leo ningekuwa nakuletea maziwa au sanda? Badala ya kunikasirikia, unishukuru."

Mzee wa kitanda cha pili akatikisa kichwa akasema, "Ni kweli, Mungu ni mkubwa." Nilitaka kumwambia kwamba ingekuwa nzima Ondiek hangeishika hata kidogo, na Mwita angekuwa anakula viazi kwao. Lakini je, nina hakika? Labda ningekosa. Labda angeninyang'anya ikiwa nzima. Otaro aliinuka akaacha mtungi, akaniambia niurudishe nikipona. Sikuurudisha.

Sasa juzi juzi amekuja Akinyi, binti wa dada yangu. Ameingia kwenye dhahabu, ana kichwa kizuri kuliko mimi, na leseni ya silaha amepata. Kuna mnunuzi mwenzake wa Migori, mwenye leseni, aliyetaka kumwuzia revolva yake. Aliileta dukani kwa Akinyi, mchana, mlango wazi, nami nikaitwa niiangalie.

"Mjomba, usimwonee haya huyu," Akinyi akaniambia mbele ya mwenyewe. "Mfinye kama nyanya."

"Afinye tu," yule mtu akasema. "Mimi si mchumba."

Niliifinya. Nilitia kidole kwenye matundu yote. Nilivuta nyundo polepole, silinda ikakaa, kak, kila tundu. Haikucheza mbele na nyuma. Mtutu wake ulikuwa safi. Skrubu hazijaguswa tangu kiwandani. Sura mbaya, mpini wa mpira umekwaruzika, bei inayobebeka. Nikamwuliza anaiweka wapi, akasema peke yake kwenye kisanduku chake, asidi iko stoo ya nje. Nilikuwa nimeshika revolva nzima kabisa, ile ambayo Mwita alidhani ninayo, na jasho likaanza kunitoka mgongoni. Nikaiweka mezani, mdomo ukiangalia ukuta.

"Sasa?" Akinyi akauliza. "Ni nzuri?"

"Ni nzuri sana."

"Mbona umekuwa hivyo basi?"

"Itafanya kazi," nikamwambia. "Mkononi mwako itafanya kazi. Na mkononi mwa mtu mwingine itafanya kazi vilevile."

Yule mwuzaji akaangalia nje. Akinyi hakucheka. Alizungusha kikombe chake.

"Mjomba, wewe ukirudishwa siku ile, ungechagua uwe na ipi? Hii ama ile ya Otaro?"

Vijana, nimewaandikia yote ninayoyajua kuhusu skrubu na springi, na yote ni ya kweli, myafuate. Lakini swali hilo hakuna aliyenifunza namna ya kulijibu, hata Sajini Marwa. Nilimwambia Akinyi ainunue, kwa sababu nikisema ile ya Otaro nitakuwa nimemwua Mwita mara ya pili. Akainunua. Karatasi zimepitishwa, iko kwa jina lake.

Siku anazokwenda Homa Bay mimi sili. Nakaa na simu kwenye goti mpaka aniambie amefika, na katika kungoja huko naogopa kwamba bastola imegoma, halafu naogopa kwamba haikugoma.